Koti la mlimani kwenye msitu wa kulungu: kisa cha shemeji yangu na Jumamosi zake tano

Nianze na shemeji mwenyewe maana bila kumjua yeye hiki kisa hakikai sawa. Ni kaka yake mke wangu, kazaliwa Fizi kule Kivu ya Kusini, akavushwa ziwa akiwa mtoto akakulia kambi ya Nyarugusu pale Kasulu, mimi mwenyewe ni mtu wa Kigoma ndo tukaja kuwa ndugu hivyo, na leo wote tupo Lewiston, jimbo la Maine, kaskazini mashariki kabisa ya Marekani. Anafanya kazi ghalani Jumatatu mpaka Ijumaa. Mwaka juzi akamaliza kozi ya usalama ya wawindaji, akakata leseni, na mzee mmoja jirani mwenye shamba la majani ya ng'ombe na msitu nyuma yake akaturuhusu tuwinde kwake, tena akamwazima bunduki yake ya zamani. Kikabaki kitu kimoja tu, mavazi.

Nikampeleka dukani. Ukiingia sehemu ya uwindaji ni ukuta mzima wa makombati, majani, magome ya miti, kuanzia kofia mpaka soksi. Shemeji akasimama pale mlangoni akaangalia, hakugusa hata hanga moja, akanigeukia akasema taratibu, "Shemeki, miye siwezi vaa nguo ya basoda," yaani ya wanajeshi. Sikumbishia hata neno. Mtu aliyeondoka Fizi kwa miguu usiku ana haki ya kuchagua nini kiguse ngozi yake, na hata kwetu Tanzania raia kuvaa nguo za kufanana na za jeshi ni kosa, tumekua tukilijua hilo, kwa hiyo na mimi kusema ukweli sijawahi kujisikia sawa nikiwa ndani ya zile nguo.

Akaniuliza, kwani vile vyangu vya kupandia milima havitoshi? Maana shemeji ana miaka mitatu anapanda milima na wenzake wa kazini, wameshapanda Tumbledown kule Weld mara kadhaa, kwa hiyo stoo kwake kuna koti la mvua la nailoni la bluu iliyokoza, kuna koti jeusi la manyoya ya bata, lile sweta laini la flisi la kijivu, fulana za kubana za kukausha jasho, suruali nyepesi ya kijani kavu, viatu vyepesi vya matundumatundu, begi la lita 50, tochi ya kichwani, fimbo mbili za kutembelea na kipande kirefu cha povu cha kulalia. Nikamwambia tujaribu, tuangalie msimu mzima nini kinafaa na nini kinakataa, na mimi nitaandika. Haya ndo niliyoandika.

Kwanza rangi, maana watu wengi ndo wanaanzia hapo na ndo wanapotea hapo. Kulungu wa huku, yule wa mkia mweupe, haoni rangi kama sisi. Jicho lake lina aina mbili tu za chembe za kutambua rangi, sisi tuna tatu, kwa hiyo nyekundu na rangi ya chungwa kwake zinafifia zinaingiliana na kijani na kahawia za msituni. Lakini bluu anaiona vizuri sana, na jicho lake linapitisha mwanga wa urujuani ambao letu linauzuia. Sasa fikiria, mtu anatumia dola 300 kwa kombati halafu chini kavaa jinzi ya bluu, au kaifua hiyo kombati kwa sabuni ya unga ya kung'arisha nguo, zile kemikali za kung'arisha zinafanya kitambaa kiwake machoni pa mnyama hasa alfajiri na jioni. Kwa shemeji ina maana koti la bluu ndo lilikuwa nguo mbaya kuliko zote stoo, na flisi ya kijivu isiyo na chapa ya uwindaji popote ilikuwa nzuri tu. Kulungu anachokamata haraka ni mtikisiko, mlio na harufu. Picha ya majani kwenye shati haizuii hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Nguo zote tukafua upya kwa sabuni isiyo na harufu na isiyo ya kung'arisha. Koti la manyoya lilikuwa linaninginia karibu na jiko, na jikoni kwake dada yenu, mke wake, anakaanga dagaa karibu kila wiki, wale wanaotumwa kutoka nyumbani, yaani ukilisogeza puani unaona kabisa mwalo wa Kibirizi pale Kigoma. Lilikaa nje barazani siku nne.

Halafu ile rangi ambayo sio hiari. Maine wakati wa msimu wa bunduki wa kulungu sheria inataka vitu viwili vya rangi ya chungwa inayowaka, kofia na nguo ya kufunika kiwiliwili inayoonekana pande zote. Shemeji akaja na kizibao chake cha ghalani, kile cha kijani-njano chenye mistari ya kumulika. Akajua amemaliza. Hapana, hicho hakihesabiki hata kama kinawaka kama taa, sheria imetaja chungwa, na mwindaji mwenzako machoni amejizoeza kutafuta chungwa. Tukanunua kizibao cha dola 12 na kofia ya dola 8, na hivyo ndo vitu viwili pekee vya uwindaji tulivyonunua vipya msimu mzima.

Hapa nakaa kidogo maana hili ndo linaloweza kuua mtu. Kizibao kikivaliwa halafu ukabeba begi kubwa la mlimani, mgongoni chungwa imefichika yote, mtu aliye nyuma yako anaona begi la kijivu linatembea kati ya miti. Mlimani hilo halina shida, msituni Novemba lina shida kubwa. Tulikata kitambaa cha chungwa tukakifunga kwenye begi kwa kamba za pembeni. Na glavu. Shemeji alikuwa na glavu za sufu nyeupe za mke wake, nikamvua palepale kwenye gari. Novemba 1988 huko Hermon, karibu na Bangor, mama mmoja alitoka nyuma ya nyumba yake mwenyewe akiwa amevaa glavu nyeupe, mwindaji akadhani ni mkia wa kulungu, akafyatua. Alikuwa na watoto wachanga mapacha. Yule mwindaji akashtakiwa na mwaka 1990 akaachiwa, na watu wa hapa wazee bado wanalizungumza kwa sauti ya chini. Kwa hiyo leso nyeupe, soksi nyeupe inayochungulia, karatasi ya chooni mkononi ukienda haja, vyote hivyo Novemba usiviingize msituni. Mavazi ya mlimani yana vitu vyeupe vingi kuliko unavyofikiri, kagua mpaka utando wa ndani wa kofia ya koti.

Jumamosi ya kwanza. Niseme tu kwamba Maine Jumapili hairuhusiwi kuwinda, na msimu wa bunduki ni kama wiki nne unaotanguliwa na Jumamosi moja ya wakazi wa jimbo peke yao, kwa hiyo mtu wa kazi za wiki nzima ana Jumamosi tano, basi. Tulikaa kwenye ukuta wa mawe, ile misitu imejaa kuta za mawe za mashamba ya zamani yaliyoachwa, umande umeganda kwenye majani, kimya ambacho unasikia panya anapita. Shemeji alivaa koti la bluu la mvua hata hivyo, maana alinibishia kuhusu bluu na mimi nikasema aone mwenyewe. Kama saa moja na nusu asubuhi jike likatoka ukingoni mwa shamba, hatua kama 60 hivi. Hatukuwa na kibali cha jike, bila kibali unaruhusiwa dume tu lenye pembe zisizopungua inchi 3, kwa hiyo lilikuwa la kuangaliwa tu. Shemeji akainua mkono taratibu kabisa kuchukua darubini. Koti likalia. Sio kwa nguvu, ni ule mchakacho wa nailoni, mtu aliye mita mbili mlimani hausikii kwa sababu kila mtu anachakacha na upepo unavuma. Jike likainua kichwa, masikio yote mawili kwetu, likapiga kwato chini, likapuliza pua kama mtu anayepiga chafya kwa hasira, mkia mweupe juu, kwisha. Na baada ya hapo kila kitu kilichokuwa kwenye ile bonde kikajua tupo.

Akanigeukia akaniambia, ni koti. Nikamwambia ndio, ni koti.

Kipimo ni rahisi na hakihitaji duka. Usiku nyumbani, zima tivii, funga dirisha, chukua kitambaa ukikwaruze kwa kucha. Kikilia kama mfuko wa chipsi, kitalia msituni. Flisi ikikwaruzwa hailii. Sufu hailii. Nailoni ya mvua inalia, koti la manyoya linalia, suruali nyepesi za kupandia mlima zinalia kati ya mapaja ukitembea. Vile vinatanishi, velkro, vya mfukoni na mkononi vya kubandua, ukivibandua ni kraaaa, hivyo tulivishona kwa sindano vikafa kabisa. Vifungo vya plastiki vya begi, kile cha kiunoni hasa, kinapiga tak! unapokifungua, kwa hiyo unakifungua kabla hujafika mahali pa kukaa.

Na dawa yake haikuwa kununua koti jipya, ilikuwa kugeuza mpangilio. Mlimani unavaa flisi ndani na koti gumu nje kwa sababu ya upepo na mvua. Kwa kuvizia tuligeuza, koti la manyoya ndani, flisi kubwa ya mtumba ya dola 7 saizi mbili zaidi ikavaliwa juu yake, halafu kizibao cha chungwa juu ya yote. Yaani joto lilelile, kelele zimezibwa. Suruali nayo, hili nalipenda sana, tuliokota kwenye duka la mitumba suruali ya suti ya sufu, kahawia, ya mzee fulani wa zamani, pana, dola 5. Juu ya suruali ya ndani ya kubana ile suruali ya suti ni kimya kama paka, ina joto, ikilowa kidogo bado inashika joto. Babu zetu wa huku waliwinda na sufu miaka yote hiyo kabla nailoni haijazaliwa. Sehemu za miguu za hiyo suruali tukazipulizia pemethrini, dawa ya kuua kupe, na kuingiza pindo kwenye soksi, maana kupe wa kulungu anayebeba ugonjwa wa Lyme haondoki na kiangazi, yule mkubwa anatembea mpaka Novemba siku zozote ambazo barafu haijakaza, na Maine ugonjwa huo upo mwingi.

Jumamosi ya pili ndo ilinifundisha mimi mwenyewe, maana nilidhani tumeshamaliza. Kelele hakuna, harufu tumejitahidi, upepo unatupiga usoni kama inavyotakiwa. Nyuzi kama 6 chini ya sifuri. Tulitembea dakika 25 kupanda mpaka kwenye ukuta, shemeji kavaa vyote, manyoya, flisi, kizibao, anatoa moshi kichwani kama sufuria. Tukakaa. Saa moja ikapita vizuri. Saa mbili asubuhi akaanza kutikisa magoti. Saa mbili na nusu meno. Saa tatu na nusu akanyanyuka akasema miguu haisikii, na mimi nikiona mtu kasema hivyo sibishani, tukashuka. Jioni mzee jirani akatupigia simu kwamba dume limepita palepale kwenye ukuta saa nne, kaliona kutoka kwenye trekta. Nusu saa.

Hapa ndo kiini cha kisa chote. Vitu vya mlimani vimetengenezwa kwa mwili unaotembea. Mwili unaotembea ni jiko, unatengeneza moto wenyewe, kazi ya nguo ni kutoa jasho nje na kukata upepo, ndo maana viatu vina matundu, fulana zinabana, koti ni jembamba. Mwindaji wa kuvizia anakaa. Kama ungekuwa mwindaji wa kunyatia, unayetembea siku nzima ukifuata nyayo, ningesema vaa hivyohivyo vya mlimani na utakuwa vizuri kuliko aliyevaa makoti mazito. Lakini ukikaa saa nne juu ya jiwe, jiko limezimwa, na jasho ulilolitoa ukipanda sasa linakunyonya. Makosa yetu yalikuwa mawili, kutembea na nguo za kukalia, na kukaa na viatu vya kutembelea.

La kwanza lilitibika bure. Unatembea na fulana na kizibao tu, polepole, unasikia baridi kidogo na ni sawa, manyoya na flisi vipo ndani ya begi, ukifika unasubiri dakika kumi jasho likauke ndipo unavaa. Hapo ndo begi la lita 50 lilipoonyesha kazi, begi dogo la siku moja lisingemeza zile nguo.

Viatu ni habari ndefu kidogo. Shemeji alivaa soksi mbili za pamba nene ndani ya kiatu chepesi, kiatu kikabana, damu haipiti, na matundu yakanywa umande wote wa lile shamba. Pamba ikilowa imekufa. Ukiongeza soksi kwenye kiatu kisicho na nafasi unaongeza baridi, wengi hawaamini mpaka yawakute. Na Maine ndo mahali pa kulijua hili kuliko popote maana hadithi ya buti ya uwindaji ilianzia hapa, mtu aitwaye Leon Leonwood Bean alichoka kurudi toka kuwinda na miguu imelowa, akachukua sehemu ya chini ya buti ya mpira ya kazini akaishonea ngozi juu yake, mwaka 1912 akaanza kuuza kwa barua, na katika jozi 100 za mwanzo 90 zikarudishwa kwa sababu ngozi ilibanduka kwenye mpira, akarudisha hela za watu akatengeneza upya. Duka lake lipo Freeport, si mbali na sisi, halifungwi usiku wala mchana. Angalia sasa, buti ya kwanza ya uwindaji yenyewe ilitokana na mpira wa kazi za kawaida, na siku hizi wanafunzi wa mijini wanaivaa kwenda darasani bila kujua bunduki inafananaje. Kwa hiyo huo mpaka kati ya nguo ya kuwindia na nguo ya kawaida umekuwa ukivukwa tangu mwanzo, pande zote mbili.

Tulipata buti za aina hiyo za mtumba, mpira chini ngozi juu, saizi moja zaidi, soksi moja nyembamba na moja ya sufu nene, vidole vinacheza ndani. Halafu kile kipande cha povu cha kulalia tulikikata vipande viwili, kimoja cha kukalia na kimoja cha kuwekea miguu, maana ardhi iliyoganda inanyonya joto kupitia soli. Ningeambiwa nichague kifaa kimoja tu cha kupigia kambi nikipeleke kuwinda ningechukua hilo povu, niache vingine vyote. Badala ya kiti cha kukunja ambacho kinalia kwenye maungio tukachukua ndoo ya rangi ya lita 20, ukiigeuza unakalia, vitu vinaingia ndani ukiwa njiani. Ndoo ya plastiki, mtu wetu hawezi kukosa nyumbani.

Jumamosi ya tatu ilinyesha toka alfajiri. Flisi ya nje ikanywa maji kama sponji, tukarudi saa tano. Kwa mvua ya kweli hatukupata jibu kwenye vitu vya stoo, koti linalozuia maji linalia na lisilolia halizuii maji. Hapo nakubali kabisa kwamba wenye makoti ya uwindaji ya kitambaa laini kilichowekewa utando ndani wametushinda, ila bei yake kwa mtu mwenye Jumamosi tano sikuona sababu. Jumamosi ya nne akaitwa kazini.

Ya tano ilikuwa mwisho, Jumamosi baada ya sikukuu ya Shukrani, ile ya Wamarekani ya Novemba. Theluji ya inchi kama tatu, upepo umetulia. Tulikaa toka saa saba mchana. Saa nzima, saa mbili, shemeji hata kidole hakutikisa, nilimwangalia pembeni nikaona anapumua taratibu ndani ya skafu na nikajua leo baridi haipo kwake. Mbele yake alisimamisha zile fimbo mbili za mlimani, tulizifunga juu kwa mpira wa baiskeli zikawa msalaba wa kuegemezea bunduki, ncha za chuma tumezivisha vile vikofia vya mpira zisigonge mawe. Saa kumi kasorobo dume dogo likaja kwenye mstari wa miti, pembe mbili zilizosimama wima, ndefu kuliko kiganja. Likasimama. Likaangalia upande wetu, kizibao kinawaka chungwa kama moto mita 70 mbele yake, na likaendelea kula. Aliegemeza bunduki, akasubiri likageuka ubavu, akapiga mara moja.

Tulikaa nusu saa bila kusogea kisha tukafuata damu kwenye theluji, lilikuwa limeenda hatua kama 80 tu. Shemeji akapiga magoti akaweka mkono shingoni mwake kwa muda mrefu. Sikuongea.

Sasa giza. Mwishoni mwa Novemba huku jua linazama kama saa kumi na dakika chache jioni, kwa hiyo ukipiga risasi alasiri kama sisi kupasua utapasua gizani, na hapo tochi ya kichwani ni lazima kama bunduki ilivyo lazima. Ile ya mlimani ilitosha kabisa, tuliiweka betri mpya. Kilichotushinda ni kisu. Alikuja na kile kisu chenye vifaa vingi cha kukunja cha kambini, mafuta na damu vikaingia kwenye bawaba, kikawa kinateleza na hakikazi, kisu kisichokaza kwenye mkono wenye damu kinakata vidole. Nilikuwa na kisu cha jikoni cha kuchambulia nyama, cha kipande kimoja, kwenye ala ya kadibodi niliyoifunga kwa tepu, na kazi yote ikafanywa na hicho. Simu yake ilishazimika kwa baridi kwa sababu aliiweka mfuko wa nje, yangu ilikuwa kifuani ndani ikafanya kazi. Ramani niliipakua kabla, maana huko bondeni mtandao haufiki.

Kulitoa, tulitumia kile kitelezo cha plastiki cha watoto cha kuchezea theluji, kamba tukaifunga kwenye mkanda wa kiuno wa begi lake la mlimani, begi likiwa tupu, kwa hiyo uzito unavutwa na nyonga na sio mabega wala mikono. Ule mkanda umetengenezwa kwa ajili hiyohiyo ya kupeleka mzigo kwenye nyonga, umefanya kazi vizuri kuliko kamba ya mkononi ambayo niliteseka nayo miaka yangu ya kwanza. Pembeni tulivisha kitambaa cha chungwa kwenye pembe za dume, usiburute wala kubeba mnyama msituni bila kumfunika chungwa hata kama umeona giza limeingia. Na kile kifungo cha kifuani cha begi, angalia chako, mengi yana filimbi ndogo ndani yake. Shemeji alikuwa nayo miaka mitatu bila kujua. Tuliipuliza mara tatu kumwita mzee alete gari ukingoni.

Kwenye kituo cha kusajili mnyama, ambacho ni duka tu la kijijini, mizani ikasema pauni 128 bila matumbo, kama kilo 58. Mzee wa dukani akamtazama shemeji toka juu mpaka chini, buti za mtumba, suruali ya suti, flisi kubwa, akampa mkono akamuuliza alikaa muda gani. Shemeji akamwambia saa tatu kasoro. Yule mzee akatikisa kichwa kwa heshima, kwa ile baridi alijua maana yake.

Hesabu yote ukiacha leseni na risasi haikufika dola 70, na kubwa kati ya hizo ni buti. Nguo za kujionyesha kama mwindaji hakuvaa hata moja, na nguo ya basoda haikugusa mgongo wake. Paja moja lilienda kwa mzee mwenye shamba, jingine tukalipika kwa dada yenu na ndugu wa Nyarugusu waliopo hapa Lewiston, ubavu ukakaushwa.

Kwa msimu ujao amebadilisha vitu viwili, amenunua kisu cha kipande kimoja, na lile koti la bluu amempa kijana wa jirani wa kupandia baiskeli. Flisi nimeikagua juzi, ina tundu la cheche ya moto kwenye kiwiko na doa la damu ambalo halitoki, kitambaa chenyewe kizima. Zipu tu ndo inataka fundi.